Gari Nililolinywesha Kombe

Juzi nilikuwa barabara ya Nkrumah, nimesimama na mfuko wangu wa mboga nangoja kuvuka, likapita gari la zamani, lile la watu wawili lisilo na paa, limeng'arishwa hadi wapita njia wakatoa simu kulipiga picha. Wao walitazama rangi. Mimi nilitazama chini ya pua yake, pale penye kijirejeta kisichozidi sinia ya kahawa, na mipira miwili myeusi ya oili imetoka ubavuni mwake ikaingia ndani. Mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu, nikaegemea mlango wa duka la watu, hata mwenye duka akaniuliza kama nataka maji.

Sikutaka maji. Nilitaka nirudi miaka ile nijizabe kofi, kisha nijishike mkono nijipeleke mbele ya watu niseme.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Bondeni mwaikumbuka gereji ya Baba. Ilikuwa uwanja tu wenye bati upande mmoja, kiambaza kimoja na nyumba yetu, na Mama akikaanga vitunguu jikoni mafundi walijua mchana kuna nini. Mafundi wenyewe walikuwa wawili: Baba, na Mjomba Shee, mdogo wake Mama. Mama yao alikufa Shee akiwa bado hajatahiriwa, na Mama ndiye aliyemlea, akamwogesha, akamtia chuoni kusoma Kurani, na alipoolewa akaja naye. Baba akamfundisha kazi. Mpaka mimi nazaliwa, watu walikuwa hawasemi gereji ya fulani, wasema gereji ya mashemeji.

Baba alikuwa mwepesi wa mkono na wa ulimi. Mjomba alikuwa mzito. Akishakaza nati huipapasa tena kwa kidole, kisha huondoka, kisha hurudi. Baba humcheka: "Shee, wewe hata chai huinywi mpaka uikague!" Na Mjomba hucheka naye, kwa sababu alijua, na mji mzima ulijua, kwamba kazi iliyopita mikononi mwake hairudi. Hakuwa na duka wala nyumba. Jina lake la ufundi ndilo lililokuwa mali yake yote, nami ndilo nililolivunja.

Gari la miaka ile, kama lile la Nkrumah, lilikuwa la Bwana Yusufali, mwenye duka la kanga Biashara Street. Lilikuwa la marehemu babake, kijani kibichi, na alilipenda kuliko alivyopenda kula. Alitaka kulipeleka Nairobi kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Ila kila akilijaribu kwa safari ndefu, akianza tu kupanda kilima cha Mazeras, mshale wa joto unakimbilia kwenye nyekundu. Magari yale yametengenezwa kwa nchi za baridi. Jua letu yalikuwa hayaliwezi. Baba akasema dawa yake ni kulitia rejeta ya oili, nje, mbele kabisa inapopigwa na upepo. Oili itoke kwenye injini ikiwa moto, ipite kwenye mpira, izunguke ndani ya ile rejeta ipoe, irudi kwa mpira wa pili. Rejeta mpya haikupatikana. Mjomba alizunguka siku tatu kwa wauza vyuma chakavu, akaja na moja kuukuu ameikumbatia kifuani, akicheka peke yake.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo nilimtazama akiisafisha. Alitia petroli, akaitikisa, akaimwaga juu ya kipande cheupe cha kanzu yake ya zamani, akakichungulia kile kitambaa kwa chembe za uchafu. Akatia tena. Mara ya nne kitambaa kikabaki cheupe. Kisha akaipuliza kwa kompresa muda mrefu, na akaining'iniza juani mdomo chini.

"Mjomba, mbona huchoki?" nikamuuliza.

"Mwanangu, humu chembe moja ikibaki, yenda kukwaruza injini nzima. Na injini ya mtu ni amana."

Mimi nilikuwa na miaka minane na mawazo yangu mengine. Nilikuwa nimetoka kuugua homa, homa kali ya kuweweseka, na Mama alikuwa ameniletea kombe kutoka kwa Maalim. Mwalijua kombe: aya zaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zaoshwa kwa maji na marashi ya mawaridi, yatiwa chupani, mgonjwa anywa asubuhi kabla ya kula. Na vidonge vya hospitali nilimeza pia, lakini vidonge sikuvihesabu. Kwangu mimi kombe ndilo lililoniponya. Na chupa ilikuwa haijaisha. Ilibaki zaidi ya nusu, juu ya kabati la sahani.

Sasa gari lile. Kila likitoka kujaribiwa, Baba alikuwa akiweka kiganja juu ya boneti na kuguna, vile vile Mama alivyokuwa akiniweka kiganja kwenye paji la uso. Nami siku moja nikaweka changu. Ya Rabi, lilikuwa likiungua! Nikalionea huruma mpaka machozi yakanilenga. Wakubwa wawili wazima washindana na vyuma na mipira, na dawa iko juu ya kabati, na hakuna aliyeikumbuka.

Ijumaa ile rejeta ilikuwa imeshafungwa mahali pake chini ya pua, na mipira imeshakazwa upande wa rejeta. Ncha za upande wa injini zilikuwa bado zi wazi, zimeinuliwa juu, na Mjomba amezisokotea vitambaa visafi zisiingie vumbi. Adhana ikaingia. Wakanawa, wakavaa kanzu, wakaenda msikitini. Mtaa ukawa mtupu, hauna wanaume, kama kila Ijumaa saa hiyo. Mama alikuwa jikoni na pilau yake. Nikapanda kiti, nikaishusha chupa.

Nilitoa kitambaa kimoja, nikasema bismillahi, nikamimina. Mpira ulikunywa polepole, gwa, gwa, gwa, vile vile ninywavyo mimi. Nilimimina mpaka tone la mwisho. Nikarudisha kitambaa, nikalipapasa gari, nikaliambia lipone haraka. Chupa nikaisukuma nyuma ya magurudumu makuukuu, kwa kuwa nilijua Mama ataniuliza kwa nini nimegawa dawa yangu. Nawaambieni ukweli, sijawahi kujiona mtu mwema vile tena maishani mwangu.

Walirudi, wakala, wakaendelea na kazi. Mjomba akaushika ule mpira, akasita.

"Shemeji, kitambaa hiki sikukisokota hivi."

"Umeanza."

"Wallahi sikukisokota hivi. Wacha niifungue rejeta nimwage, nione."

"Shee, Yusufali ashafunga mizigo, kesho alfajiri asafiri! Kitambaa ni kitambaa. Funga, tafadhali."

Akafunga. Gari likawashwa, likanguruma uwanja mzima, na Baba akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akasema imekaa sawa. Mjomba akauliza mbona oili haikushuka, ilhali nyingine imekwenda kuijaza rejeta tupu na ilitakiwa ipungue. Baba akampiga bega, akamwambia aende akaoge. Bwana Yusufali akalizungusha mpaka Makupa na kurudi, na mshale umetulia chini. Akawakumbatia wote wawili kwa furaha. Mimi nilikuwa mlangoni nimevimba kichwa, najua mwenyewe nani kalitibu.

Safari ya kesho yake gari lilifika mbele kidogo tu ya Mazeras. Jumatatu likarudi juu ya lori, injini imegoma, haizunguki hata kwa kusukumwa. Bwana Yusufali alikuja nalo, macho mekundu. Majirani wa barazani wakaja nyuma yake, kwa sababu Bondeni haiwezekani lori lishushe kitu watu wakae majumbani. Baba akajilaza chini, akafungua nati ya oili. Ikatoka rangi ya chai ya maziwa.

Hakuna fundi asiyejua maana yake. Baba akainuka. "Maji," akasema. "Rejeta ilikuwa na maji." Kisha, mbele za watu wote: "Nani aliyeiosha?"

"Niliiosha kwa petroli," Mjomba akasema. "Nikaikausha kwa kompresa. Wewe uliniona. Shemeji, kile kitambaa..."

"Wacha kitambaa! Petroli yageuka maji?"

"Wallahi sikuingiza tone la maji mle."

Na Baba akasema neno ambalo nikilikumbuka hata leo masikio huniwaka. "Usile yamini ya uwongo, Shee. Si mbele ya mwenye mali."

Mjomba alikwenda kwenye pipa, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, vizuri, mpaka kwenye viwiko, kama aliyemaliza kazi ya siku. Akachukua sanduku lake la spana, akampa Bwana Yusufali mkono, akatoka. Hakurudi tena chini ya lile bati.

Baba aliifungua injini ile akaitengeneza upya peke yake, miezi na miezi, mpaka ikawaka. Mama ndiye aliyekuwa akienda na kurudi baina ya watu wawili. Nilimsikia mara nyingi, akirudi kutoka chumba alichopanga Mjomba, akivua buibui na kulia: "Nimemwambia kiri tu, Shee, yaishe. Sema ulisahau, binadamu husahau. Hataki! Ameniangalia machoni, akaniapia tena." Mama alimwamini mumewe. Alihuzunika kwamba mtoto aliyemlea kwa mikono yake amekua mtu wa kuapa uwongo. Mwisho akachoka kumbembeleza. Wakawa wa kuonana kwa mbali tu siku ya Idi, na kwenye mazishi.

Na mimi je? Sasa sikilizeni akili za mtoto. Niliposikia maji yameingia kwenye oili, wala sikujishuku. Mimi sikutia maji. Maji ni ya mfereji, ya kuogea na kupikia. Mimi nilitia kombe, na kombe ni maneno ya Mungu. Basi na mimi nikaamini Mjomba amekosea! Nilimlilia, nilimkosa, lakini niliamini alisahau kukausha. Kilichonitia hofu ni kimoja tu, kwamba dawa yangu haikufaa kwa sababu sikuwa nimetawadha, na hilo nilimwomba Mungu msamaha chini ya shuka.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na la kujuta. Mtoto ni mtoto. Lakini nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, Maalim alikuwa akiandika kombe la mtoto wa jirani, akanituma maji. Nikamletea jagi, maji ya mfereji. Akayamimina juu ya sahani, akayazungusha, maandishi yakaachana na sahani, maji yakawa manjano. Nilisimama pale na jagi mkononi. Astaghfirullah, sisemi kombe si kitu. Baraka ni baraka. Lakini injini haijui baraka. Nilielewa yote mara moja, nikaacha jagi, nikakimbia nje ya chuo.

Tangu siku ile makosa ni yangu, wala simsingizii mtoto wa miaka minane.

Nilimwendea Mjomba. Nataka mjue kwamba nilimwendea. Alikuwa Mwembe Tayari, akitengeneza mabasi ya bara kandokando ya steji, kazi ya kukaza breki na kubadilisha oili, maana habari ilikuwa imezunguka na wenye magari mazuri hawakumpa tena injini zao. Fundi wa maji, walimwita. Nilimkuta yu chini ya basi, miguu tu nje, na nikaijua ile miguu. Nikamwita. Akatoka, akafuta mikono, akanitazama kama haamini.

"Mwanangu! Umekua hivi? Kwema? Mama hajambo?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Yalikuwa matano tu: Mjomba, ni mimi niliyetia maji. Abiria walikuwa wakigombania mizigo, mchuuzi wa maandazi akinipigia kelele nimpishe, na mle usoni mwa Mjomba mna furaha ambayo niliogopa kuiua. Nikasema, "Mama akusalimu."

Uwongo. Mama hakunituma, wala hakujua kama nimekwenda. Lakini mngemwona yule mtu! Alikaa chini juu ya gurudumu kwa ile salamu. "Yeye mwenyewe kakutuma?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. "Mwambie nimepokea," akasema. "Mwambie nimepokea, na nampenda." Akaninunulia soda, akasimama mbele yangu mpaka nikaimaliza, akanivusha barabara kwa mkono wake mchafu wa oili. Sikumfikishia Mama ujumbe ule, maana ningeufikisha vipi?

Baada ya hapo nilikuwa na sababu kila mwaka. Nangoja nimalize shule. Nangoja niolewe, nisimwaibishe Baba mbele ya wakwe. Nangoja mtoto huyu niliyembeba azaliwe. Kweli nilikuwa mwoga, basi, hakuna jina jingine. Mjomba alioa, akazeeka chini ya mabasi, kifua kikamwandama, na mwezi wa saba uliopita akafa, Alhamisi, kabla sijasema.

Siku ya tatu ya matanga, Mama akiwa bado kwa mkewe Mjomba, nilikwenda nyumbani kwa Baba, juu ghorofani. Ni mzee sasa, miguu haimchukui, akaa sebuleni na redio yake. Nikaizima ile redio. Nikakaa chini mbele yake, nikamwambia yote, tangu chupa mpaka Mwembe Tayari, nikilia hata kamasi zikanitoka. Nilitaka anipige. Nilitaka aniapize hata.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini, Baba?"

"Kesho yake, Shee ameshatoka, niliifungua ile rejeta. Ikatoa harufu ya marashi. Nikatafuta, nikaiona chupa nyuma ya magurudumu. Na vijialama vya vidole vya zafarani juu ya boneti, vidogo hivi." Akanionyesha kwa ncha ya kidole chake.

"Kesho yake? Baba, kesho yake ile ile?"

"Nilishamwita mwongo mbele za watu. Ningeanzia wapi? Na wewe ulikuwa mtoto, nikasema nikusitiri. Nikasema, nitamwendea Idi ikifika."

"Idi gani?"

"Kila Idi," akasema.

Nilitaka kumkasirikia. Wallahi nilitaka. Miaka yote ile nimebeba mzigo nikidhani ni wangu peke yangu, kumbe mwenzangu yuko sebuleni asikiliza redio! Maneno ya ukali yakanifika mdomoni, kisha nikamwona alivyoinamisha kichwa, nikajiona mimi mwenyewe na chupa yangu ya soda. Tulikuwa sawa, yeye na mimi.

Ndipo nikasikia mlango wa ngazi ukigusa ukuta.

Mama alikuwa amerudi kuchukua tasbihi aliyoisahau. Sijui alisimama pale tangu lini, lakini alisimama vya kutosha, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeushika ukingo wa mlango hata vidole vimekuwa vyeupe. Hakunitazama mimi peke yangu wala Baba peke yake. Alitutazama pamoja.

"Nyote wawili?" akauliza. "Mie namwambia Shee akiri, naye aniapia, na nyinyi nyote wawili mwajua?"

Mama hakulia. Alilirekebisha buibui lake kichwani, akageuka kushuka ngazi, na tasbihi hakuichukua. Niliinuka mbio, nikamfuata, nikamwambia, "Mama, ngoja, twende sote kwa mkewe Mjomba."

Akauondoa mkono wangu juu ya bega lake, taratibu, kama aondoaye mkono wa mtu asiyemjua.

"La," akasema. "Wewe keti na babako."